Maksai na Mgonjwa

Kila inaposikika habari ya mtoto aliyenajisiwa, hawakosekani watu wenye hasira ya haki wanaotaka mkosaji ahasiwe. Dai hilo limetamkwa katika Bunge la Tanzania zaidi ya mara moja. Na mwaka 2024 Bunge la Madagaska lilipitisha sheria ya kuwahasi wenye kunajisi watoto, nayo ikapata wapenzi mbali na kisiwa kile. Hapo kale aliyedai hivyo alitaka kisu. Siku hizi anataka sindano, maana amesikia ya kwamba tamaa ya mwanamume ni homoni iitwayo testosteroni, na ya kwamba ziko dawa ziwezazo kuikausha ndani ya damu kama jua likaushavyo kidimbwi. Tamaa ikikauka, husema, uovu nao umekauka.

Watu hao wanastahili kusikilizwa kwa heshima, kwa sababu maumivu yanayowasukuma ni ya kweli. Walakini jibu lenyewe haliwezi kuwa la upole. Dai lao limesimama juu ya elimu iliyooza, na tena linapita bila kuliona jambo lililo mbele ya macho: dawa zinazodhoofisha homoni za uzazi hutolewa kila siku ya kliniki nchini Tanzania, si kwa wanajisi, bali kwa wagonjwa wa akili wasiomkosea mtu; na mara nyingi mpewa dawa haambiwi. Mwenye hatia hujadiliwa Bungeni kabla hajaguswa. Asiye na hatia huguswa bila ya kujadiliwa hata na muuguzi aliyeshika sindano.

Wilaya za Tarime na Serengeti, katika mkoa wa Mara, zafaa kuwa mizani ya hoja hii, kwa kuwa ni nadra kupata sehemu nyingine ya nchi ambamo damu imelaumiwa kwa mambo mengi kiasi hicho. Mkurya, kwa maneno ya watu wa Mwanza na Dar es Salaam, ana damu moto. Akiwa askari hodari, ni damu. Akimpiga mkewe, ni damu. Akivuka mpaka wa Sirare usiku na kurudi na ng'ombe wa watu, ni damu tena. Neno moja linaloeleza kila kitu halijaeleza kitu. Michael Fleisher, mtaalamu wa Kimarekani aliyeishi na Wakurya na kuandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 2000, alionyesha kwamba wizi wa mifugo wa siku hizi una mizizi inayoweza kuonekana kwa macho: soko la nyama upande wa Kenya, ambalo liliugeuza wizi wa kutafuta mahari na sifa kuwa biashara, na silaha zilizoenea baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979. Soko lina bei na bunduki ina njia yake ya kuingia. Vyote viwili vyaweza kuchunguzwa na kuzuiwa. Hakuna aliyeonyesha kwamba testosteroni ya wajukuu imezidi ile ya babu zao.

Tena, juu ya kuhasi, mkulima wa Tarime ana elimu kuliko mbunge. Ndama dume huhasiwa akawa maksai, na maksai hufungwa nira akavuta jembe. Lakini mkulima huyo hadhani hata siku moja kwamba kisu ndicho kilichomfundisha ng'ombe kulima. Maksai mchanga hufungwa pamoja na aliyezoea, mtoto hutangulia mbele yao ameshika kamba, na siku nyingi hupita kabla jembe halijaenda kwa unyofu. Asiyefundishwa hupiga pembe, awe amehasiwa au hakuhasiwa. Mwenye nia ya kumdhalilisha mtoto naye hakosi njia kwa kukosa nguvu za kiume. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imekwisha kuweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na kifungo cha maisha kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka 10. Adhabu haina upungufu. Upungufu uko katika ushahidi, pale shauri linapomalizwa nyumbani kwa ng'ombe wawili watatu na mtoto akaambiwa anyamaze. Sindano haina dawa ya ng'ombe hao.

Mtu akisema kwamba mnyama si mfano wa binadamu, na aende basi upande wa pili wa wilaya ya Serengeti, katika mbuga yenyewe, ambako wataalamu wamepima homoni za wanyama kwa subira ya miaka mingi. Mwaka 2002 Peyton West na Craig Packer walitangaza matokeo ya kazi yao juu ya singa za simba. Walikuwa wametengeneza simba wa bandia, wengine wenye singa nyeusi na wengine wenye singa za rangi nyepesi, wakawasimamisha mbugani na kuangalia simba hai wanafanya nini. Majike waliwapenda weusi, madume waliwaogopa, na damu ya madume wenye singa nyeusi ilikuwa na testosteroni nyingi zaidi. Mpaka hapo mpenda damu moto atafurahi. Lakini simba yule mweusi huumizwa zaidi na joto, na weusi wenyewe huonyesha pia kama amekula vema au amelala na njaa. Homoni ni habari moja katika barua ndefu.

Halafu yuko fisi. Fisi jike ana umbo la nje linalofanana na la kiume, hata watu wa kale wakadhani kila fisi ni huntha. Na jike ndiye atawalaye dume katika kundi. Kama ubabe ungekuwa testosteroni, basi jike huyu angekuwa na homoni hiyo kupita mumewe. Wolfgang Goymann, Marion East na Heribert Hofer waliokota kinyesi cha fisi wa Serengeti na kuzipima homoni za kiume zilizomo, na katika matokeo waliyoyatangaza mwaka 2001 hawakukuta jike limezidi dume. Siri ilitafutwa penginepo. Mwaka 2019 Colin Vullioud na wenzake, waliotumia kumbukumbu za miaka mingi za makundi ya fisi wa Ngorongoro, walieleza kwamba fisi wawili wakikabiliana anayeshinda kwa kawaida ni yule mwenye jamaa wengi wa kumsaidia, awe jike au dume. Jike hutawala kwa kuwa amebaki kwa mama yake na ndugu zake. Dume mgeni amekuja peke yake. Hilo ni jambo ambalo bibi yeyote wa Kikurya aliyeozwa mbali na kwao angeweza kuwaambia wataalamu hao bila ya kinyesi.

Inapendeza kwamba fisi wa Serengeti amejulikana kiasi hicho. Itapendeza zaidi siku ile mwanamke wa Mugumu atakapojulikana sawa na fisi.

Matibabu ya akili kwa homoni za uzazi yana historia ambayo yafaa ikumbukwe kabla ya kuomba sindano. Mwaka 1849 Arnold Berthold wa Göttingen aliwahasi majogoo, akawarudishia korodani ndani ya tumbo, akaona wanawika na kupigana kama kwanza. Hiyo ilikuwa sayansi safi. Mwaka 1889 Brown-Séquard, tabibu mzee wa Paris, alijidunga majimaji ya korodani za mbwa na za wanyama wengine, akatangaza kuwa amerudia ujana; na hiyo ilikuwa ndoto, ingawa aliiota mbele ya wanachuoni wenzake. Tangu siku ile sayansi na ndoto zimekuwa zikitembea pamoja. Katika mwaka 1944 Carl Værnet, daktari wa Denmark, aliwapandikiza homoni wafungwa wa kambi ya Buchenwald ili kuwageuza tabia. Katika mwaka 1952 mahakama ya Uingereza ilimhukumu Alan Turing, mtaalamu mkubwa wa hesabu aliyeisaidia nchi yake kushinda vita, achague kifungo au dawa. Akachagua dawa, akadungwa estrojeni ya kutengenezwa kwa mwaka mzima mpaka matiti yakamwota, naye akafa mwaka 1954. Serikali yake ilimsamehe mwaka 2013, miaka 59 baada ya kuzikwa. Mwaka 1966 John Money, katika hospitali ya Johns Hopkins ya Marekani, alianza kuwapa Depo-Provera watu waliohesabiwa kuwa na tamaa mbovu. Depo-Provera ndiyo ile ile ambayo wanawake wa Tarime huijua kuwa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3, ila kwa wanaume wale ilitolewa kwa kipimo kikubwa zaidi.

Hapana haja ya kwenda mbali hivyo, kwa maana Afrika ya Mashariki ina ushahidi wake. Katika miaka ya 1930 F. W. Vint alipima ubongo wa maiti za Waafrika mjini Nairobi, na H. L. Gordon, daktari wa hospitali ya Mathari, akavitumia vipimo hivyo kudai kwamba akili ya Mwafrika haiwezi kufika mbali. Vint mwenyewe aliusawazisha ubongo wa Mwafrika mzima na ule wa mtoto wa Kizungu wa miaka 7 au 8. J. C. Carothers, aliyemfuata Gordon pale Mathari, aliandika katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kwamba Mwafrika amefanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mizani ya Vint ilikuwa mizani kweli, na gramu zake zilikuwa gramu. Kilichokuwa cha uongo ni haraka ya kuruka kutoka gramu kwenda kwenye utu. Na anayeruka leo kutoka nanomoli za testosteroni kwenda kwenye uovu au wema wa mtu anapita njia ile ile, ingawa amevaa koti jipya.

Wakuu wa riadha za dunia wametoa mfano wa karibu. Mwaka 2011 waliweka mpaka wa testosteroni kwa wanawake wanaoshindana kuwa nanomoli 10 kwa lita. Kwa kanuni za mwaka 2018 wakaushusha hadi 5. Mwaka 2023 hadi 2.5. Annet Negesa wa Uganda alipasuliwa mwaka 2012 kwa ajili ya mpaka wa kwanza, na mbio zake zikafa. Maumbile hayakubadilika katika miaka hiyo 12. Ni meza ya mkutano iliyobadilika.

Ngariba pia ana dai lake juu ya mwili na tabia. Katika Tarime na Serengeti msichana amekuwa akikeketwa kwa sababu nyingi, na mojawapo isemwayo wazi ni kwamba asiyekatwa atakuwa na tamaa na hatatulia kwa mumewe. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta wanawake 32 katika kila 100 wa mkoa wa Mara wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 10. Sheria ile ile ya mwaka 1998 ilikataza jambo hili kwa wasichana wa chini ya miaka 18. Wasichana hukimbia makwao mwezi wa Desemba, wakapokewa katika nyumba za hifadhi, kama ile ya Masanga huko Tarime na ile ya Mugumu iliyo chini ya shirika lake Rhobi Samwelly. Wako wasomi wanaomcheka ngariba kwa kudhani kwamba mwenendo wa mwanamke umo katika kipande cha nyama, na papo hapo wakapiga makofi mtu asemapo kwamba mwenendo wa mwanamume umo katika tone la damu. Wangemwomba ngariba radhi kwanza.

Sasa na mgonjwa atazamwe.

Tangu mwaka 1952, madaktari wa Paris walipoanza kutumia klopromazini, ugonjwa wa akili umepata dawa za kweli. Klopromazini yenyewe, haloperidoli, na sindano ya flufenazini ambayo wengi huiita kwa jina lake la dukani, Modecate, zimewarudisha watu nyumbani ambao zamani wangefungwa kamba au kupelekwa Mirembe wasirudi. Anayewaambia wagonjwa waziache dawa hizi ni adui yao. Lakini kila moja kati ya hizo hufanya kazi kwa kuziba njia ya dopamini katika ubongo, na dopamini hiyo hiyo, katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ndiyo breki ya homoni nyingine iitwayo prolaktini. Breki ikifunguliwa prolaktini hupanda. Prolaktini ni homoni ya maziwa ya mama. Kazi yake mojawapo ni kuuambia mwili kwamba pana mtoto anayenyonya na wakati wa kushika mimba bado. Basi mwili hutii. Mwanamke hukoma kupata hedhi. Pengine maziwa humtoka bila ya mtoto. Mwanamume testosteroni yake hushuka, hamu yake hupungua na nguvu zake hulegea. Ikiendelea miaka mingi, mifupa nayo hudhoofika. Hali hii haimpati kila mtu, wala haifanani kwa dawa zote: risperidoni huipandisha prolaktini sana, na aripiprazoli haiipandishi, bali huweza hata kuishusha. Nayo mara nyingi hurudi kuwa sawa dawa ikipunguzwa au kubadilishwa, ingawa sindano ya flufenazini hukaa mwilini, na marejeo yake huchukua miezi.

Habari hizi si mpya wala si za ubishi. Zimo katika kila kitabu cha matibabu ya akili. Ni ajabu basi jinsi zinavyokaa kitabuni.

Na afikiriwe mke wa kijiji cha bondeni mwa mto Mara, mwenye miaka 25, aliyetolewa mahari ya ng'ombe na hajazaa ila mara moja, mtoto wa kike. Ameugua, ametibiwa, sauti zimemtoka kichwani, analima na kupika. Mwezi wa tatu wa sindano hedhi haikuja. Mama mkwe anafurahi akidhani ni mimba. Mwezi wa saba hakuna tumbo, lakini kifua kimelowa maziwa. Furaha inageuka kuwa minong'ono: amelogwa, au ametoa mimba, au amepewa na hospitali dawa ya kumfunga uzazi. Neno hili la mwisho ndilo lililo karibu na kweli kuliko yote, na ndilo ambalo mtu wa hospitali atalikana kwa ukali, kwa sababu yeye hakukusudia. Mke anaacha sindano. Baada ya muda hedhi inarudi, na kijiji kizima kinaona kwa macho yake kwamba dawa ndiyo iliyokuwa uchawi. Kisha sauti nazo zinarudi. Kwenye faili yake ya kliniki itaandikwa kuwa hatumii dawa kwa kukosa elimu.

Ni nani hapo aliyekosa elimu?

Asiyewajua Wakurya ataona jambo hili ni dogo. Kwao nyumba isiyo na mtoto, hasa wa kiume, ina msiba wa kudumu, hata wakabuni dawa yake ya kijamii: katika ndoa iitwayo nyumba ntobhu mwanamke asiyejaliwa watoto wa kiume humtolea mahari msichana, naye huzaa kwa jina la nyumba ya bibi huyo. Iwe desturi hiyo ni njema au imetumiwa vibaya na wengine, yatosha kuonyesha uzito wa mizani. Watu walio tayari kutoa ng'ombe ili jina la nyumba lisife hawatakubali kimya kimya dawa inayosimamisha hedhi. Na mwanamume aliyetahiriwa hadharani pamoja na rika lake, akaimbiwa nyimbo kwamba sasa ni mtu mzima, hatamwambia muuguzi kijana, mbele ya foleni ya watu, kwamba kitandani ameshindwa. Atasema dawa inamchosha. Atasema shamba liko mbali. Mwishowe hatasema kitu, maana hatakuja.

Kliniki ya akili ya wilaya, kwa desturi ya nchi hii, hupokea na wenye kifafa, na huko dawa na homoni hukutana kwa njia nyingine, isiyo njema kuliko ya kwanza. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, dawa za siku zote za kifafa, huliamsha ini lizivunje homoni upesi. Mwanamke anayekunywa mojawapo akimeza vidonge vya majira, au akiwekewa kijiti mkononi, huweza kushika mimba huku akiamini amelindwa. Kwamba jambo hili si la vitabuni tu, limeonekana kwa jirani. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofuatia wanawake zaidi ya 24,000 wenye virusi vya UKIMWI huko magharibi ya Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirare: waliokuwa na kijiti na kutumia dawa ya efavirenzi, ambayo nayo huliamsha ini, walishika mimba kwa kiasi cha mara 3 kuliko wenye kijiti waliotumia nevirapini. Kijiti kilikuwa kile kile. Sindano ya miezi 3, kwa bahati, haiharibiwi hivyo na dawa za kifafa. Neno moja la muuguzi lingetosha kumhamisha mwanamke huyu. Kuhusu valproeti, ambayo huvuruga hedhi ya wengine na huweza kumlemaza mtoto tumboni, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 kwamba wasichana na wanawake wenye umri wa kuzaa wasiandikiwe.

Watatokea wenye kujibu kwamba hospitali za wilaya hazina mashine za kupima homoni. Jibu hili lina ukweli wake, nao usitupwe. Kipimo cha prolaktini hakipatikani kila mahali. Sampuli yaweza kulazimika kusafirishwa mpaka Musoma, au Bugando kule Mwanza, na fedha ni za mgonjwa. Hata kikipatikana chataka akili: hofu ya sindano peke yake huipandisha prolaktini kidogo, mimba na kunyonyesha huipandisha sana, na uvimbe wa tezi ile ya ubongo huweza kuipandisha kupita dawa yoyote. Namba isiyo na maelezo ya mgonjwa ni ile gramu ya Vint. Lakini wenye kujibu hivyo wanaanza safari mwishoni. Kabla ya mashine liko swali. Hedhi ilikuja lini? Maziwa yanatoka? Mambo ya nyumbani yakoje? Swali halina bei, halihitaji umeme, wala haliharibiki likikaa nje ya barafu. Kijikaratasi cha kupimia mimba kwa mkojo nacho si kitu cha Bugando. Aliyeuliza na akapima mimba amekwisha kuijua sehemu kubwa ya habari, na sampuli ya Mwanza itakuwa ya wachache wanaoumwa kichwa mfululizo au wanaopungukiwa na nuru ya macho.

Wengine, nao ni waganga wazoefu, watasema kwamba mgonjwa akiambiwa mapema atakimbia. Hoja hii ni ya kale, na ina sura ya huruma. Lakini yule mke alikimbia bila ya kuambiwa, akakimbia akiwa na chuki. Aliyeonywa kwamba hedhi yaweza kusimama, kwamba ikisimama si uchawi wala si utasa, na kwamba aje aseme ili dawa ipunguzwe au ibadilishwe, ana sababu ya kurudi. Asiyeonywa ana sababu ya kujificha. Na hata kama mmoja angekimbia kwa kuonywa, mwili ni wake. Turing alipewa uchaguzi mbaya na mahakama katili, lakini aliambiwa sindano ile ingefanya nini. Haifai mgonjwa wa Nyamongo, asiye na hatia mbele ya mahakama yoyote, ajue machache kuliko mfungwa huyo.

Hapo ndipo linapowarudia wale wa Bungeni. Kama wana hakika kwamba kupunguza homoni za uzazi za mtu ni adhabu kubwa, kiasi cha kuitisha kwa wanajisi, basi wameungama wenyewe uzito wa jambo hilo. Na kama ni zito kwa mwenye hatia hata lihitaji sheria, hakimu na rufaa, kwa mgonjwa halikosi kuhitaji dakika 5 za mazungumzo katika lugha anayoielewa. Wako wagonjwa wazee wa vijiji vya Serengeti ambao Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Neno la hedhi na la unyumba wataambiwa kwa Kikurya, Kingoreme au Kiikoma, na si mbele ya mkwe. Muuguzi mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume, kila inapowezekana. Mlango ukiwa umefungwa. Na jibu liandikwe. Faili ya mgonjwa ina nafasi ya jina la dawa, kipimo na tarehe ya kurudi. Pembeni mwa tarehe hiyo pana nafasi ya kutosha kuandika tarehe ya hedhi ya mwisho, na kwa mwanamume, neno moja tu: ameulizwa.